Mwalimu Losaline na Mikeka Iliyogawa Chumba cha Mtihani

Saa moja asubuhi, Jumamosi ya karamu ya kanisa. Katika kijiji cha Fangatapu, visiwa vya Ha'apai nchini Tonga, wanaume wanapasua nguruwe juu ya majani ya migomba. Kando yao amesimama mwanamke mnene mwenye miwani, mkononi ana ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Hakuja kuomba nyama.

"Jike lipo?" anauliza.

"Lipo moja," anajibu mwanamume mmoja bila kuinua macho. Anakata, anakifunga alichokikata ndani ya jani, anakitumbukiza ndooni na kurudi kazini kana kwamba hakuna kilichotokea.

Huyo ni binamu yake, na kwa watu wa hapa binamu ni kaka na dada tupu, hakuna cha mtoto wa mjomba wala mtoto wa mama mdogo. Kaka hataji mambo ya mwili mbele ya dada yake, wala dada mbele ya kaka. Mambo ya uchumba, mimba na uzazi yakiingia kwenye mazungumzo, mmoja wao atakumbuka ghafla kwamba ameacha sufuria motoni.

Mwenye ruhusa ya kutania ni Fe'ao, aliyekuja kuoa hapa kutoka visiwa vya Vava'u. Naye haiachi ruhusa hiyo ilale bure.

"Shemeji, kila karamu wewe na ndoo, wewe na ndoo. Mumeo hakutumii hata hela ya nyama?"

"Mume wangu yuko Australia anachuma machungwa," anajibu Losaline Pahulu. "Wewe uko hapahapa na sijawahi kukuona hata na ganda lake."

Wanaume wanacheka, Fe'ao kuliko wote. Losaline anabana mfuniko na kuondoka. Ndani ya ndoo kuna mfuko wa uzazi wa nguruwe, ambao utalala siku mbili kwenye friza ya duka ndani ya mfuko mweusi. Mwenye duka aliacha kuuliza zamani. Jumatatu utakuwa juu ya meza ya Kidato cha Sita.

Losaline, mwenye umri wa miaka arobaini na saba, anafundisha baiolojia katika shule ya sekondari ya kanisa ya Fangatapu, na hajawahi kufundisha kwingine. Maabara iliondoka na kimbunga, paa na yote. Zimebaki darubini mbili, na moja kati ya hizo inaonyesha ukungu tu hata ukiweka nini chini yake. Kitabu kimoja kinasomwa na wanafunzi wanne.

Ndiyo maana moyo anaufundisha kwa moyo wa nguruwe, figo kwa figo, na jicho kwa jicho la samaki. Mshahara wake ni takriban pa'anga mia tano kwa wiki mbili, na sehemu yake huishia kwenye sabuni na viwembe vya kupasulia.

Wanafunzi wake ni watoto wa wakulima wa viazi vikuu na magimbi. Baba wengi wako ng'ambo kwenye mashamba ya matunda, na mama wanaobaki husuka mikeka. Mtoto anafika shuleni akiwa amekwishalisha nguruwe na kubeba maji. Msimu wa kupanda ukifika, nusu ya madawati huwa wazi.

"Mtu akisikia shule ya maskini, anafikiri watoto hawana akili," anasema Losaline, na hapo sauti yake inapanda. "Hawa wana akili mpaka zinamwagika chini. Wanachokosa ni meza ya kusomea."

Kisha kuna sura ya tisa.

Sura ya tisa ya kitabu cha baiolojia ni uzazi wa binadamu, na katika mtihani wa taifa hubeba karibu robo ya alama zote. Katika darasa la Losaline karibu kila mvulana ana dada humo ndani, na karibu kila msichana ana kaka. Kuwasomea sura hiyo pamoja haiwezekani. Walimu waliomtangulia walikuwa wakisema, "Hiyo mtaisoma nyumbani," na nyumbani kitabu hakikufunguliwa, maana nyumbani ndiko waliko dada wote.

Losaline alikata shauri kuifundisha mara mbili. Wasichana huja kabla ya kengele ya kwanza, wavulana hubaki baada ya kengele ya mwisho. Mwanzoni wavulana walichomoka kwenda mashambani kuwasaidia babu zao, naye akawafuata hukohuko na ubao mdogo kwapani. Babu waliposikia anachofundisha waliondoka wenyewe kwenda kupalilia upande wa pili.

"Walielewa vizuri," anasema. "Wavulana waliuliza maswali ambayo mimi mwenyewe ilibidi nikatafute majibu. Wasichana ndio usiseme. Niliingia kwenye ule mtihani wa mwaka juzi kifua mbele."

Matokeo ya mwaka juzi yalipotoka, wanafunzi wanne tu ndio waliofaulu baiolojia. Maka, aliyeshika nafasi ya kwanza tangu Kidato cha Kwanza, alianguka. Lupe, msichana aliyekuwa akimfuata kwa alama mbili tatu, alianguka pia. Swali la nne, lililotoka sura ya tisa, lilikuwa jeupe kwenye kila karatasi. Hakuna aliyekosea, maana hakuna aliyeandika kitu.

Losaline alimkuta Maka nyuma ya nyumba yao akifua nazi kwenye kifuo cha chuma.

"Maka, swali la nne ulilijua?"

"Nililijua, mwalimu."

"Lote?"

"Lote. Hata ule mrija mdogo ambao mwenzangu Semisi huusahau."

"Sasa mbona hukujibu?"

Maka alichukua nazi nyingine, akaifua, akaitupa kwenye rundo. Mama yake na mama yake Lupe ni ndugu wa tumbo moja.

"Lupe alikuwa amekaa mbele yangu."

"Lupe ana macho kisogoni?"

"Hana. Lakini ile picha ilikuwa kubwa, mwalimu. Ukurasa mzima. Na mimi niko nyuma ya dada yangu na kalamu mkononi, niandike majina ya vile vitu." Alifuta jasho. "Nikageuza karatasi, sikuandika tena kitu. Nikasikia na wengine wanageuza. Chumba kizima, fya, fya, fya."

Losaline akaenda kwa Lupe. Naye alikuwa na yake.

"Nilisikia karatasi zinageuzwa nyuma yangu," Lupe alimwambia, "nikajua kaka zangu wamefika swali la nne. Ningebakije na yangu wazi? Wangeniona sina adabu. Nikaifunika na kiwiko mpaka muda ukaisha."

Losaline anasema alicheka njia nzima akirudi nyumbani, na alipofunga mlango akalia. Alikuwa amewalaumu moyoni usiku na mchana, kumbe walikuwa wamefanya vile yeye mwenyewe angefanya. "Ningewaambia nini? Wavunje heshima? Mimi siwezi kuivunja, nitamtumaje mtoto? Walikuwa watoto waliolelewa vizuri, wameangushwa na malezi mazuri."

Hilo lingebaki kuwa huzuni ya Fangatapu peke yake kama si simu iliyopigwa kutoka ofisi ya shule za kanisa mjini. Maneno yalikuwa machache. Darasa la sayansi lina mwaka mmoja zaidi. Wakifaulu chini ya nusu tena, litafungwa, na wanaotaka sayansi watahamia shule ya bweni ya mji mkuu.

Kwa aliye mjini hilo ni jambo la kupanda meli tu. Kwa mzazi wa Fangatapu ni nauli, bweni, chakula na viatu, na mtoto ambaye hayupo kulisha nguruwe. Wazazi walijumlisha vidoleni na wengi wakaona hawawezi. Kufungwa kwa darasa kulikuwa na maana moja: mtoto wa hapa hatakuwa muuguzi, hatakuwa daktari wala mwalimu wa sayansi.

Mkuu wa shule, Sioeli Pahulu, ndiye aliyepokea simu hiyo. Sioeli ni mwalimu wa hesabu, mtu mnyoofu kama rula yake. Baba yake na baba yake Losaline ni ndugu. Kwa hiyo ni kaka yake.

Alimwita ofisini. Losaline aliketi kwenye kiti cha mlangoni, Sioeli nyuma ya meza, dirisha wazi. Walizungumza kwa heshima zote, kila mmoja akitazama upande wake.

"Dada, ofisi inasema sura ya tisa haikufundishwa."

"Ilifundishwa, mkuu."

"Basi mbona hakuna aliyejibu?"

Losaline alitazama kalenda ukutani.

"Sura yenyewe inahusu nini?" aliuliza Sioeli, ambaye hakuwahi kufungua kitabu cha baiolojia maisha yake yote.

"Inahusu mambo, mkuu."

"Mambo gani?"

"Mambo ya sura ya tisa."

Sioeli alivuta pumzi. Ndiye aliyekuwa akibanwa na ofisi, na mbele yake alikuwa na mwalimu anayeulizwa swali la mstari mmoja na kujibu mafumbo. Mke wake angemfumbulia kwa maneno mawili, lakini alikuwa Auckland akimlea mjukuu mchanga. Mwishowe Losaline alisema neno ambalo lilimkaa kooni mwaka mzima.

"Waambie mwalimu alikosea."

Na ofisi ikaambiwa hivyo. Akapewa onyo, na kijijini ikasemekana kwamba Mwalimu Losaline anaruka sura. Yule mwanamke aliyefundisha kila neno mara mbili, hadi mashambani, alipita njiani akiitwa mvivu, na hakuwa na namna ya kujitetea bila kulitaja lile lisilotajika. Mume wake alimwambia kwenye simu aache kazi, amfuate Australia. Alifikiria. Halafu Maka na Lupe wakaja kuomba kurudia Kidato cha Sita, naye akafungua darasa.

Miezi mitatu kabla ya mtihani uliofuata, alipiga moyo konde akaenda kwa Shangazi Temaleti.

Huku shangazi ni serikali. Dada wa baba yako ana cheo juu yako tangu unapozaliwa mpaka unapofukiwa, na kuna mambo mawili tu ya kufanya mbele yake, kusema ndiyo na kukaa chini. Temaleti ni shangazi yake Losaline na ni shangazi yake Sioeli. Akiingia nyumbani kwa yeyote kati yao, hutoka na anachokipenda, awe ameomba au hakuomba.

Alikuwa amekaa kwenye banda la kusukia pamoja na wanawake wenzake, majani ya mkadi yamejaa mapajani. Losaline alimnong'oneza yote, kuanzia picha ya ukurasa mzima mpaka kalenda ukutani. Temaleti alicheka hadi majani yakamwagika.

"Kwa hiyo mkuu wa shule hajui sura ya tisa inahusu nini," alisema akijifuta machozi. "Na ana watoto watano."

Halafu uso wake ukabadilika.

"Na wewe ulikubali kuitwa mvivu, ukanyamaza."

"Ningesemaje, shangazi? Ni kaka yangu."

"Ulifanya vizuri kunyamaza. Ulifanya vibaya kuchelewa kuja hapa. Sisi tupo kwa ajili ya nini, kula keki za harusi?"

Jioni hiyo Temaleti alikwenda kwa Sioeli. Losaline alibaki kwenye uzio wa kanisa, mbali kiasi cha kutosikia. Shangazi alipotoka alikuwa na kikaango kwapani.

"Amekubali?"

"Nilimwambia dada yako alifundisha. Nikamwambia watoto walijua. Nikamwambia hutauliza sura ile inahusu nini mpaka utakapokufa."

"Akasema nini?"

"Alisema ndiyo, shangazi. Ulitaka aseme nini?" Temaleti aligeuza kikaango akakitazama chini. "Hiki nimekitamani siku nyingi."

Lakini ndiyo ya Sioeli haikumaliza kazi. Wazo la kwanza, kuwaweka wavulana chumba chao na wasichana chao, lilikufa siku ileile. Kanuni ya mtihani ni chumba kimoja, msimamizi mmoja, na watahiniwa wote mbele ya macho yake. Msimamizi huletwa na meli kutoka kisiwa kikubwa, na hawezi kujigawa.

Siku ya pili bandani, Temaleti alikuwa akipima mkeka mpya kwa mikono. Aliunyanyua upande mmoja, mwenzake akanyanyua wa pili, ukasimama katikati yao kama ukuta. Yule wa upande wa pili alikuwa Senolita, mama yake Lupe. Hawakuonana.

"Senolita," Temaleti aliita kutoka nyuma ya mkeka, "unaniona?"

"Sikuoni."

"Basi chumba kinabaki kimoja na watoto hawaonani."

Wanawake walielewa mara moja. Kuelewa si kukubali. Mkeka mpya, mweupe, uliosukwa kwa jani jembamba, ni kazi ya miezi, na ndugu wa Auckland hulipa hata pa'anga mia nane kwa mmoja. Hiyo ndiyo ada ya shule, ndiyo mchele, ndiyo sadaka ya mwaka. Kuutundika kwenye ukumbi unaotazama bahari, upigwe na upepo wa chumvi siku nzima, ni kuuchezea.

"Wangu una mwenyewe," alisema Senolita. "Wamekwishalipa nusu. Na ndiyo ada ya Lupe."

"Lupe akifeli, ada ya nini?"

"Ukichanika je?"

"Ukichanika tutakusaidia kusuka mwingine, sote, na hutalipa hata chai," alisema Temaleti. "Darasa likifungwa, nani atatusukia jingine?"

Kila mmoja alihesabu hasara yake. Senolita ndiye aliyekuwa wa kwanza kuukunja mkeka wake. Wakapata mitatu, wakaishona ncha kwa ncha kwa uzi wa kuvulia samaki, upindo wa juu wakauvisha kamba nene ya mashua.

Siku ya mtihani, Losaline hakuruhusiwa kuingia ukumbini, kama ilivyo kwa kila mwalimu wa somo. Alijibanza kwenye tangi la maji, mahali anapoweza kuona ndani kupitia madirisha ya vioo vya kukunjua. Mikeka ilining'inia kutoka mlangoni hadi karibu na meza ya msimamizi, kimo cha kifua cha mtu aliyesimama. Wavulana kulia, wasichana kushoto. Ilikuwa mizuri kiasi kwamba mtu angedhani kuna harusi.

Msimamizi, mtu mzima aliyejifunga kiunoni mkeka mpana wa heshima, kama ilivyo desturi ya Tonga, alisimama mlangoni na bahasha zake. Alitazama juu, akatazama chini.

"Nani ametundika hii?"

"Mashangazi," alijibu Sioeli.

Msimamizi naye ana dada. Hakuuliza mashangazi wamekusudia nini. Alitembea hadi mbele, akasimama penye meza, akageuza shingo kulia, akageuza kushoto. Aliwaona wote.

"Kanuni inasema chumba kimoja," alisema. "Nami nahesabu kimoja."

Wakaanza. Saa ya kwanza ilipita vizuri. Halafu bahari ikaleta upepo wake wa mchana, na upindo wa chini wa mikeka ukaanza kuinuka. Uliinuka kiasi cha kiganja, ukashuka. Ukainuka kiasi cha goti. Kutoka penye tangi, Losaline aliona viatu vya wasichana vikitokea upande wa wavulana, kisha sketi. Alimwona Maka akisimamisha kalamu. Akaona mkono wa kijana ukienda kwenye ukingo wa karatasi.

"Nilijua wako wapi," anasema. "Nilikuwa nawafahamu kwa mwendo. Walikuwa wamefika swali la nne. Nikasema moyoni, Maka, usigeuze. Nikamwomba na Mungu pia, lakini kwanza nilimwomba Maka."

Msimamizi alikuwa ameona. Aliburuta benchi moja akalilaza juu ya upindo, akaburuta la pili. Katikati palibaki pengo, na hapakuwa na benchi la tatu. Upepo ukaingia hapohapo. Yule mtu mzima akainama, akavua viatu vyake vyeusi, akaviweka chini ya kiti kwa adabu, akaja akaukanyaga mkeka kwa miguu yote miwili. Akabaki hapo, uso umeelekea mbele, akigeuza shingo kulia na kushoto, mpaka muda ulipokwisha.

Maka aliweka mkono wake mezani. Akainama, akaandika.

Miezi kadhaa baadaye majibu yalifika. Wanafunzi kumi na tisa walifanya mtihani wa baiolojia na kumi na sita walifaulu. Swali la nne lilijibiwa na kila mmoja, na ndilo walilofanya vizuri kuliko yote. Darasa la sayansi la Fangatapu halikufungwa. Mikeka iliuzwa Auckland kwa bei yake kamili, ukiacha mmoja ulioingia doa la chumvi, na wanawake wakatimiza ahadi yao.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Sioeli Pahulu alisimama mbele ya kanisa lote. Wavulana walikuwepo, dada zao walikuwepo, babu waliokimbilia kupalilia walikuwepo. Kila mtu alijua analotaka kusema na kila mtu alijua hawezi kulisema.

"Mwaka jana niliambiwa dada yangu aliruka sura," alisema. "Nikaamini, nikaiambia ofisi. Sura hiyo inasema nini, sijui, na shangazi amenikataza kuuliza. Lakini nasema mbele yenu nyote, na kesho nitaiambia ofisi. Dada yangu alifundisha. Alifundisha mara mbili."

Akakaa. Hakumtazama Losaline, na Losaline hakumtazama yeye. Alikuwa ameinamisha kichwa, machozi yanadondokea mkeka wake wa kiunoni, na hakuyafuta. Shangazi Temaleti, benchi la mbele, aligeuka nyuma akawatazama wote waliowahi kumwita mvivu, mmoja baada ya mwingine, bila haraka.

"Siku ile nilijisikia mrefu," anasema Losaline. "Si unajua mimi ni mfupi? Siku ile nilijisikia mrefu kuliko msalaba wa juu ya kanisa. Mungu anisamehe."

Onyo lilifutwa. Lupe sasa anasomea uuguzi mjini na anataka kuwa mkunga. Mama yake anapowaambia watu hilo, huwa hakosi kutaja jina la somo lililompeleka huko, mradi wajomba hawapo karibu. Maka yuko chuo cha ualimu, na amechagua baiolojia.

Hilo la Maka ndilo linalomfanya Losaline atembee na simu mkononi siku hizi. Vijana wengi wanaotoka Fangatapu na cheti hupitia mjini, kisha Auckland, kisha Brisbane, na baada ya hapo wanarudi kwa mazishi tu. Yeye anataka mmoja arudi kwa kazi. Mwalimu mwanamume akipatikana, wavulana watakuwa wake, wasichana watabaki kwa Losaline, na kila mmoja atafundisha mara moja kama walimu wengine duniani. Jengo la maabara ameshaanza kulipigia kelele kanisani, na Sioeli ameahidi kuchonga meza kwa mikono yake.

Wiki iliyopita Maka alipiga simu. Losaline alikuwa akitoka darasani, asubuhi na wasichana, anasubiri jioni na wavulana. Kijana alikuwa na wasiwasi. Alikuwa amekaa akahesabu watoto watakaokuwa Kidato cha Sita mwaka atakaomaliza chuo, na zaidi ya nusu ya wasichana ni dada zake. Wavulana nao ni kaka za hao hao. Hata akipewa wavulana peke yao, kengele zitapishana vipi ili dada zake wasimsikie akifundisha, na mtihani utakuwaje?

"Mwalimu, nitawezaje?" aliuliza.

"Wewe rudi kwanza," Losaline alimwambia. "Hayo mengine ni kazi ya mashangazi."

Maka akasema neno ambalo Losaline amelirudia kwa watu wote wa Fangatapu tangu siku hiyo, dukani, kanisani na kwenye banda la kusukia, hata kwa waliokwisha kulisikia.

"Ndiyo, shangazi."